Kompyuta Chakavu Chini ya Mlima Meru: Njia ya Risasi Hadi Mfupani

Wakazi wa Maji ya Chai, Ngarenanyuki na Oldonyo Sambu wanalifahamu kwa macho yao jambo ambalo vitabu vya tiba hulieleza kwa kurasa nyingi: kilichomo ardhini huishia mwilini. Michirizi ya kahawia katika meno ya wengi wao ni kumbukumbu ya maji waliyoyanywa utotoni. Mlima Meru ni volkano iliyolipuka mara ya mwisho mwaka 1910, na miamba yake huachia floraidi katika chemchemi na mito inayoteremka kutoka kwake. Mtoto anayekunywa maji hayo katika miaka ambayo meno yake ya ukubwani yanajengwa ndani ya taya huyapokea madini hayo katika fuwele za meno, na tabaka la nje la jino huharibika kabla jino halijachomoza. Dozi ikiwa kubwa na ya miaka mingi, mifupa nayo hukakamaa au kupinda. Magadi yanayotiwa chunguni kulainisha maharage na mahindi huiongeza dozi hiyo.

Kulirekebisha jambo hili kumeigharimu jamii miongo kadhaa na fedha nyingi. Mradi mkubwa wa maji wa Jiji la Arusha, uliofadhiliwa kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika kwa zaidi ya shilingi bilioni 500, ulilazimika kuchimba visima mbali na vyanzo vya zamani, hadi wilayani Hai, ili kupata maji yanayoweza kukidhi kiwango cha miligramu 1.5 za floraidi kwa lita. Kisa hiki kinafaa kukumbukwa sasa, wakati ofisi, shule, hospitali na nyumba za Arusha zinapojaa kompyuta na simu zilizochakaa. Mfupa unaoipokea floraidi huipokea pia risasi, na kwa kiasi fulani hupitia mlango ule ule wa kikemia. Tofauti kubwa ni kwamba risasi haiachi alama ambayo jirani ataiona mtoto anapotabasamu.

Mzigo ulioko kabla kompyuta haijawashwa

Watu wengi wakisikia kwamba kompyuta huathiri mazingira hufikiria umeme kwanza. Fikra hiyo ina msingi. Kwa makadirio ya Shirika la Kimataifa la Nishati, vituo vya kuhifadhi data duniani vilitumia takriban saa-terawati 415 mwaka 2024, yaani karibu asilimia 1.5 ya umeme wote, na akili mnemba inazidi kuipandisha hesabu hiyo. Hata hivyo, kompyuta iliyoko mezani Arusha ina hesabu yake. Umeme wa gridi ya Tanzania hutokana zaidi na maporomoko ya maji na gesi asilia; Bwawa la Julius Nyerere kwenye mto Rufiji peke yake lina uwezo wa megawati 2,115. Hata maji ya Meru yana sehemu yake katika kazi hii, kwa kuwa mto Themi unaokatiza jijini humwaga maji yake Kikuletwa, nayo Kikuletwa huingia bwawa la Nyumba ya Mungu, kisha maji hayo huzungusha mitambo ya Hale na Pangani kabla ya kufika baharini. Kuzima kompyuta jioni ni tabia njema, tena hupunguza ankara. Lakini anayedhani kwamba kwa kuizima amemaliza wajibu wake kwa mazingira amekosea kwa kiasi kikubwa.

Mzigo mzito uko kiwandani na machimboni. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Umoja wa Mataifa kilichapisha hesabu ambayo bado inanukuliwa: kutengeneza kompyuta moja ya mezani pamoja na kioo chake kulihitaji angalau kilo 240 za mafuta na makaa, kilo 22 za kemikali na kilo 1,500 za maji. Kwa kompyuta mpakato na simu janja za leo, sehemu kubwa ya hewa ya ukaa ya maisha yao yote hutoka kabla mnunuzi hajafungua boksi. Tantalamu ya vifaa hivyo hutokana na koltani inayochimbwa kwa mikono katika maeneo kama Rubaya, Kivu Kaskazini. Kobalti ya betri zao huchimbwa Kolwezi, na malori yanayoibeba pamoja na shaba hupita Tunduma kuelekea bandari ya Dar es Salaam. Barabara za Tanzania, kwa hiyo, huyabeba madini yakienda yakiwa mawe na kuyapokea yakirudi yakiwa bidhaa.

Hesabu inayofuata ni rahisi. Ikiwa uharibifu mwingi hufanyika siku ya kutengenezwa, kompyuta inayotumika miaka minane badala ya minne imegawanya uharibifu huo kwa miaka mara mbili. Hakuna kitufe cha kuokoa umeme kinachofikia nusu ya faida hiyo. Kifaa kinachofaa kustaafishwa mapema ni kimoja tu katika ofisi za kawaida, nacho ni kompyuta ya zamani yenye kioo cha kichogo, kwa sababu hula umeme mara kadhaa zaidi ya mpakato. Nacho ndicho kinachoileta mada hii kwenye risasi.

Risasi ilipo

Kioo cha kichogo kina risasi kati ya kilo moja na tatu, iliyochanganywa ndani ya kioo chenyewe ili kumkinga mtazamaji dhidi ya mionzi. Kikiwa kizima, risasi hiyo imefungwa na haimdhuru mtu. Kikipondwa ili kupata shaba iliyoko shingoni, na vipande vikatupwa pamoja na taka zinazooza, tindikali ya taka huanza kuitoa kidogo kidogo. Bodi za saketi za zamani zina risasi katika lehemu yake. Umoja wa Ulaya uliizuia katika vifaa vingi vipya kuanzia Julai 1, 2006, na viwanda vingi vya dunia vikafuata, lakini mashine za kabla ya hapo bado zimo katika stoo nyingi. Mafundi nao bado hununua waya wa kulehemu wenye risasi, kwa sababu huyeyuka upesi, kwenye nyuzijoto 183 hivi, na hukaa vizuri kwenye bodi.

Chanzo kikubwa kuliko vyote, hata hivyo, ni kile ambacho wenye ofisi hawakihesabu kuwa sehemu ya kompyuta: betri ya akiba inayoshikilia umeme unapokatika. Betri ndogo kabisa ya volti 12 iliyomo ndani ya kisanduku hicho ina uzito wa kilo mbili na kitu, na zaidi ya nusu ya uzito huo ni risasi. Betri nyingi za mifumo ya umeme wa jua vijijini ni za aina hiyo hiyo, ila kubwa zaidi. Betri hizi huchoka baada ya miaka mitatu hadi mitano, kompyuta yenyewe ikiwa bado nzima. Kilo moja ya risasi ikitawanyika sawasawa inatosha kuufikisha udongo wa tani 5, zaidi ya mzigo wa Canter moja, kwenye miligramu 200 kwa kila kilo, kiwango ambacho mamlaka ya mazingira ya Marekani ilikiweka mwaka 2024 kuwa cha tahadhari kwa udongo wa makazi. Inashangaza kidogo kuona mijadala mingi ya taka za elektroniki ikiongozwa na picha za simu, huku betri zikiuzwa kwa kilo bila mtu kuuliza zinakokwenda.

Risasi haiko peke yake. Vioo bapa vya kompyuta vilivyotengenezwa kabla ya kuenea kwa taa za LED vina vijitaa vyembamba vyenye zebaki, ambayo hutoka kioo kinapovunjwa. Nyaya zikichomwa ili kuyeyusha plastiki na kubakiza shaba, moshi wake hubeba dayoksini, sumu inayokaa katika mafuta ya wanyama kwa miaka. Huko Agbogbloshie, Accra, mahali palipojulikana kwa uchomaji huo, uchunguzi uliotangazwa mwaka 2019 ulionyesha kwamba mtu mzima akila yai moja la kuku waliokuwa wakidonoa eneo hilo, anavuka kiwango cha siku kilichowekwa Ulaya kwa takriban mara 220. Ufugaji wa kuku wa kienyeji karibu na mahali panapochomwa nyaya ni jambo la kuachwa, iwe Ghana au Arusha.

Kutoka uani hadi mfupani

Hapa ndipo mfano wa floraidi unaweza kumpotosha mkazi wa Meru. Kwa kuwa amezoea kuuogopa mto na kisima, akisikia habari za sumu ya kompyuta atauliza kuhusu maji. Risasi haisafiri hivyo. Hushikamana na chembe za udongo wa juu na kubaki pale ilipoangukia kwa miongo mingi, na ni kiasi kidogo tu kinachopenya hadi maji ya ardhini. Njia yake kuu ni vumbi: vumbi la sakafuni, la mikononi, la nguo za kazi, la kiti cha bodaboda iliyombeba fundi nyumbani. Mtu anayeikimbia risasi kwa kununua maji ya chupa amefunga mlango usiopitwa na mgeni.

Chukua ua wa kawaida wa nyumba za kupanga, vyumba vikitazamana, jiko la mkaa nje, nguo zimeanikwa, watoto wakicheza chini. Katika ua huo mpangaji mmoja ananunua betri chakavu. Anazipasua kwa panga, anamwaga tindikali kwenye mtaro, anayeyusha sahani za risasi ndani ya sufuria kuukuu juu ya mkaa na kumimina mikate ya risasi ya kuuza. Risasi huyeyuka kwenye nyuzijoto 327, joto ambalo mkaa hulifikia na kulipita bila shida, na ikipashwa zaidi ya hapo hutoa mvuke usioonekana. Unga wa kijivu uliobaki kwenye sahani hupeperuka. Mpangaji huyo hamdhuru mtu kwa kukusudia. Anatafuta ada ya shule kama wengine. Watoto waliomo uani humo hawajagusa betri hata moja, lakini wamekaa chini, wameokota andazi lililoanguka, wamelamba vidole.

Tumbo la mtu mzima hunyonya takriban asilimia 10 ya risasi anayoimeza. La mtoto mdogo laweza kunyonya hadi nusu yake. Mtoto mwenye upungufu wa madini ya chuma au kalsiamu hunyonya zaidi, kwa sababu utumbo unaoyatafuta madini hayo kwa njaa huikosea risasi na kuipokea kama ndugu yao. Kutoka kwenye damu husambaa hadi ubongo, figo na uboho, kisha huhamia mfupani na kuchukua nafasi ya kalsiamu katika fuwele. Floraidi huingia katika fuwele hizo hizo kwa kuchukua kiti kingine. Utafiti wa panya uliofanyika Brazili na kuchapishwa mwaka 2010 uligundua kwamba panya waliopewa risasi pamoja na floraidi walikuwa na risasi nyingi zaidi katika damu na mifupa kuliko waliopewa risasi peke yake. Panya si mtoto wa Ngarenanyuki, na matokeo hayo hayatoshi kutolea hukumu kuhusu binadamu. Yanatosha kuwa sababu ya kutoongeza risasi mahali ambapo floraidi imetangulia.

Nusu ya risasi iliyomo damuni hutoweka baada ya mwezi mmoja hivi. Iliyomo mfupani hukaa miaka 10 hadi 30. Kwa sababu hiyo binti aliyelelewa katika ua ule, akaolewa na kuhamia mbali, anaweza kuibeba sumu yake hadi siku ya ujauzito, wakati mwili unapochota kalsiamu mifupani kwa ajili ya mtoto na kuichota risasi pamoja nayo. Kondo la nyuma haliizuii. Shirika la Afya Duniani halikutaja kiwango chochote cha risasi damuni ambacho ni salama. Kinachojulikana ni kwamba hata kiasi kidogo hupunguza uwezo wa mtoto wa kujifunza na kutulia, na hasara hiyo hairudi.

Mambo haya si nadharia za mbali. Katika mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu kilifanya kazi kati ya mwaka 2007 na 2014, ukuta kwa ukuta na nyumba za watu. Phyllis Omido, aliyekuwa mfanyakazi wa kiwanda hicho, aliambiwa na madaktari kwamba mwanawe mchanga aliyekuwa ananyonya alikuwa na risasi damuni, baada ya ugonjwa huo kutafutwa kwingine kote. Harakati zake zilimpatia Tuzo ya Goldman mwaka 2015, na mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Mombasa iliwapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Huko Thiaroye-sur-Mer, pembezoni mwa Dakar, hapakuwa na kiwanda. Kina mama walichekecha mchanga wa mahali pa kuvunjia betri ili kuokota vipande vya risasi vya kuuza, na wengine waliupeleka mchanga huo nyumbani. Kati ya Novemba 2007 na Machi 2008 watoto 18 walifariki. Mwanzoni vifo hivyo havikueleweka.

Yanayowezekana Arusha

Arusha ni mji wa ofisi kuliko miji mingi ya ukubwa wake. Makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki yako hapa, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iko hapa, na kwa miaka ishirini, hadi Desemba 31, 2015, Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa ajili ya Rwanda ilikuwa hapa. Yapo mashirika, vyuo, kampuni za utalii na hospitali zinazotumia mifumo ya kompyuta kuanzia mapokezi hadi famasi. Kila ofisi ya namna hiyo ina chumba kimoja ambacho mlango wake haufunguki vizuri kwa sababu ya mashine zilizorundikwa nyuma yake. Dunia nzima ilizalisha tani milioni 62 za taka za umeme na elektroniki mwaka 2022, na asilimia 22.3 tu ndiyo iliyothibitika kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo. Afrika haikufikia hata asilimia moja. Sehemu ya hizo zilizobaki haijatupwa popote. Imefungiwa stoo.

Sababu za kuzifungia ni za kawaida: utaratibu wa kufuta mali katika daftari ni mrefu, na wakuu wa ofisi huogopa kumbukumbu zilizomo kwenye diski. Hofu ya pili ina haki, hasa hospitalini, ambako majina na magonjwa ya wagonjwa yamo humo. Dawa yake ni kuifuta diski kwa programu inayoandika juu ya data zote, au kuitoboa, kisha kuiachia mashine. Utaratibu wa kwanza unahitaji mtu mmoja aliyepewa jukumu na tarehe ya mwisho, jambo ambalo halina gharama. Mashine inayokaa miaka sita stoo imepoteza miaka ambayo shule ya sekondari ya Usa River au Ngaramtoni ingeitumia.

Kuhusu kurefusha maisha ya kompyuta, mafundi wa mjini ndio wataalamu wa mazingira ambao hawajapewa cheo. Kubadilisha diski ya zamani inayozunguka na kuweka ya kisasa isiyo na sehemu zinazozunguka, kuongeza kumbukumbu, kusafisha vumbi na kupaka upya dawa ya kupoza prosesa, ni kazi zinazoipa mashine ya mwaka 2014 au 2016 miaka mingine minne. Oktoba 14, 2025 Microsoft ilisitisha masasisho ya kawaida ya usalama kwa Windows 10, na mashine nyingi nzima zimekataliwa na toleo linalofuata kwa sababu ya umri wa prosesa zake. Hazistahili kutupwa kwa hilo. Zinaweza kuwekewa mfumo huru wa familia ya Linux, usiolipiwa, na kuendelea kuandika barua, kufungua intaneti na kufundishia. Jambo lisilofaa ni kuziacha na mfumo usiolindwa zikiwa zimeunganishwa kwenye mtandao wenye taarifa za wagonjwa.

Kompyuta za mtumba kutoka Dubai na Ulaya hulaumiwa mara kwa mara kwamba ni taka zilizovishwa nguo. Lawama hiyo ni nusu kweli. Mtumba wenye miaka mitano mbele yake ni nafuu kwa mazingira kuliko mashine mpya. Mtumba usiowaka, au wenye miezi sita mbele yake, ni taka iliyolipiwa nauli. Tangu Januari 1, 2025 marekebisho ya Mkataba wa Basel, ambao Tanzania ilijiunga nao mwaka 1993, yanataka taka zote za elektroniki zinazovuka mipaka zipate kwanza idhini ya nchi inayozipokea. Mnunuzi wa kawaida ana kipimo chepesi zaidi: aombe mashine iwashwe mbele yake bila chaja, na aangalie betri inadumu muda gani.

Betri za risasi zinahitaji uangalifu kuliko vitu vyote vilivyotajwa. Kwa kuwa zina bei, hazitupwi. Huuzwa, na anayelipa zaidi mara nyingi ni yule asiye na gharama za kinga. Ofisi inayonunua betri mpya ina nguvu ya kudai muuzaji aichukue ile ya zamani, ikiwa nzima na tindikali yake ndani. Isipowezekana, zikusanywe zikae wima mahali pakavu, kisha zikabidhiwe kwa mkusanyaji mwenye kibali cha Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, NEMC, ambalo lina ofisi ya Kanda ya Kaskazini jijini Arusha. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inaihesabu taka hii kuwa hatarishi, na kibali ni sharti. Bodi za saketi na vioo vya kichogo vifuate njia hiyo hiyo. Ndani ya Jumuiya yenyewe, Rwanda imejenga kiwanda cha kuchakata taka za elektroniki wilayani Bugesera, na makatibu wanaokutana Arusha kujadili ushuru wa mipakani wangefanya jambo la maana kama wangerahisisha pia njia halali ya taka hizi kufika zinakoweza kuchakatwa.

Kwa fundi mwenyewe, ushauri hauanzi na vifaa vya bei kubwa. Asilehemu wala kuvunja vifaa katika chumba anacholala mtoto. Asile wala kuvuta sigara kwenye meza ya kazi. Awe na nguo ya kazi inayobaki kazini. Ikibidi ifuliwe nyumbani, isichanganywe na nguo za watoto. Anawe mikono na uso kwa sabuni kabla ya kupanda bodaboda. Sakafu ifutwe kwa kitambaa chenye maji, kwani ufagio mkavu hulirudisha vumbi hewani. Feni iwekwe ipeleke moshi wa lehemu nje ya dirisha. Uyeyushaji wa risasi nyumbani hauna namna ya kufanywa salama, na hapo ushauri ni mmoja: uachwe.

Chakula kina nafasi yake, ingawa si kinga kamili. Mtoto anayekula mara kwa mara, mwenye chuma na kalsiamu ya kutosha, hunyonya risasi kidogo kuliko mwenye njaa. Maziwa yanapatikana kwa wafugaji wa Meru, na dagaa wanaoliwa wazima na mifupa yao huuzwa Kilombero kwa bei ya kipimo kidogo. Mama mjamzito anayekula udongo aulizwe anautoa wapi.

Mtoto aliye mbele ya daktari

Dalili za risasi hazina sura yake zenyewe. Mtoto wa miaka mitatu analetwa na tumbo linalouma, choo kigumu, hana hamu ya kula, amepauka. Anapewa dawa ya minyoo, na pengine alikuwa na minyoo kweli. Anarudi baada ya wiki sita. Damu bado iko chini, anaongezewa dawa ya chuma. Mama anasema amekuwa mkali na ameacha maneno aliyokuwa ameshayajua. Siku moja anapata degedege. Arusha ni miongoni mwa mikoa yenye malaria kidogo sana nchini, kwa hiyo kipimo cha malaria kitakuwa hasi, na hapo ndipo swali moja linaweza kubadilisha mwenendo wote: nyumbani au kwa jirani kuna mtu anayefanya kazi ya betri, vyuma chakavu, kulehemu au kuchoma nyaya?

Swali hilo halihitaji mashine. Linaweza kuandikwa kwenye kadi ya mtoto na ya kliniki ya wajawazito, na kuulizwa kwa upole, kwa kuwa mzazi akihisi kwamba riziki yake inatafutiwa makosa atakataa. Kwa mtu mzima, hasa fundi betri, daktari atafute maumivu ya tumbo yasiyoeleweka, shinikizo la damu la juu kwa kijana, na mkono unaolegea kwenye kifundo. Damu ikitazamwa kwa hadubini inaweza kuonyesha chembe nyekundu zilizo ndogo na zenye vidoadoa vya samawati, lakini kutokuwepo kwake hakuondoi shaka. Kipimo cha kweli ni cha kiasi cha risasi katika damu ya mshipa, iliyochukuliwa baada ya ngozi kusafishwa vizuri ili vumbi la mkononi lisiingie kwenye sampuli. Maabara isipoweza kukifanya, Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali ina ofisi ya kanda Arusha, na ni mahali pa kwanza pa kuuliza sampuli ipelekwe wapi.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021 unaelekeza kwamba kuanzia maikrogramu 5 kwa desilita chanzo kitafutwe na kuondolewa. Kwa mtoto, dawa za kuitoa risasi mwilini huanza kufikiriwa kuanzia maikrogramu 45. Kati ya hapo tiba ni kumtoa mtoto kwenye vumbi, kumlisha vizuri na kumpima tena. Hata aliyepewa dawa akirudishwa katika ua ule ule atapanda tena, kwa kuwa mfupa wake nao utaendelea kurudisha damuni ulichokihifadhi. Daktari anayepata jibu la namna hiyo ana mgonjwa zaidi ya mmoja: wapimwe ndugu zake, watoto wa vyumba vinavyotazamana na chao, fundi mwenyewe, na mama kama ni mjamzito au ananyonyesha.